Maktaba Iliyovaa Uso wa Mtukufu

Nchi hii haimo kwenye ramani yoyote, kwa hiyo msomaji asijisumbue kuitafuta, na hasa asiitafute kwa kuchungulia dirishani kwake. Haipo. Rais wake aliitwa Mtukufu tu, maana jina lake la kuzaliwa lilipigwa marufuku lisije likachakaa kwa kutamkwa ovyo. Na ilikuwa na vita, kama nchi yoyote inayojiheshimu. Ilipigana na jirani wa ng'ambo ya mto kwa sababu ya ukungu. Kila asubuhi ukungu uliamka upande huu, ukapanda juu ya maji na kuhamia upande ule bila kibali cha mtu, mpaka Mtukufu akasema kwamba uvumilivu wake umefika kikomo. Habari hizi zinapoanza, nchi ilikuwa inashinda vita kwa mwezi wa saba mfululizo, na mizinga ya jirani aliyeshindwa ilikuwa imesogea karibu sana na mji, hata vikombe vikawa vinacheza kabatini.

Mjini hapo palikuwa na maktaba, chumba kimoja kikubwa chenye rafu hadi darini, na ndani yake alikuwamo Bi Tausi.

Bi Tausi alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, mwenye miwani na hasira za karibu. Alivipenda vitabu kupita kiasi. Wasomaji aliwahesabu katika kundi moja na mchwa, panya na paa linalovuja. Mtu akiingia na mikono yenye mafuta alirudishwa nje akanawe. Akicheka, alitolewa. Akipiga chafya, aliangaliwa kwa namna ambayo ilimfanya aombe radhi hata kwa chafya za zamani. Watu wakapungua mmoja mmoja, akabaki Bwana Elieza peke yake.

Huyu Bwana Elieza alikuwa mkaguzi wa tiketi mstaafu, katika reli ambayo nayo ilikuwa imestaafu. Alikuja kila siku, akakaa meza ile ile, na alikuwa na tabia mbaya ya kubishana na vitabu. "Mwongo huyu!" angesema kwa sauti, akiugonga ukurasa kwa kidole. "Mwanamke wa namna hii hawezi kumrudia mume wa namna hii. Hata kidogo!"

"Kimya, Bwana Elieza."

"Lakini Bi Tausi, njoo mwenyewe usome hapa uone."

"Kimya!"

Bwana Elieza alinyamaza, akasoma, akabishana tena. Bi Tausi aliamini kwamba mtu huyu anamtia wazimu. Hakuwahi kujiuliza kwa nini siku ambayo Bwana Elieza alichelewa, yeye alitazama mlango mara kwa mara.

*

Jumatatu moja aliingia Kapteni Ndimbo na askari wake. Kapteni alikuwa mtu wa kimo kifupi na hotuba ndefu. Alisimama katikati ya chumba, akakohoa, akaanza kuhutubia watu wawili waliokuwamo kana kwamba wamejaa uwanja mzima wa mpira.

"Ndugu wananchi! Adui amedhamiria kuichoma maktaba hii kwa mabomu yake. Je, tukubali aibu hiyo? Tukubali mgeni avuke mto aje atuchomee mali yetu wenyewe, kana kwamba sisi hatuna mikono? Hatukubali! Kwa hiyo Mtukufu, kwa hekima yake isiyo na kifani, ameagiza tuichome sisi kwanza. Kitu kilichokwisha kuungua hakiwezi kuunguzwa. Adui akija, atakuta majivu, atafedheheka, atarudi kwao."

Askari wakapiga makofi. Bi Tausi alishika ukingo wa meza.

"Afande," akasema, "kwani haiwezekani kuvihamisha?"

"Kuhamisha ni kukimbia, mama. Nchi hii haijapata kukimbia."

"Sasa mnachoma lini?"

"Alhamisi. Tungechoma leo hii, ila mafuta yameishia njiani, yametumiwa na gari lililokuwa linaleta mafuta."

Bwana Elieza akainua mkono mezani kwake kama mwanafunzi. "Afande, mimi nimebakiza sura ya mwisho."

"Basi kaza mwendo, mzee," alisema Kapteni kwa huruma, akatoka na watu wake.

Bi Tausi alikaa chini. Kwa mara ya kwanza tangu awe mtunza maktaba, machozi yalimtoka mbele ya msomaji, na hakuyafuta. Alikuwa hana mtoto wala mume, na ndugu zake walikuwa ng'ambo ya mto, huko kwa adui. Vitabu vile ndivyo alivyokuwa navyo duniani. Kuvipoteza kwa adui angeweza kuelewa, kwa uchungu. Kuvipoteza ili adui afedheheke kulimshinda kabisa.

*

Ng'ambo ya barabara alikaa Mama Chausiku, muuza samaki, ambaye mumewe alikuwa jela. Kosa la mume lilikuwa kumfungia mteja dagaa kwa gazeti.

Hapa lazima nieleze, maana msomaji anatoka katika nchi yenye akili na hatanielewa. Nchi ile ilikuwa na gazeti moja, na kila kaya ililazimika kulipokea kila asubuhi. Kila ukurasa ulikuwa na picha ya Mtukufu: kwenye habari, kwenye michezo, kwenye tanzia, na kwenye hali ya hewa, ambako alionekana akitabasamu juu ya mvua. Na sheria ilisema wazi: atakayeuchoma uso huo, akauchana, akaukalia, akaukanyaga, akaulowanisha au akaufungia kitu chenye harufu, atakwenda jela na hatatoka hadi uso wenyewe umsamehe. Matokeo yake magazeti yalikuwa hayatupiki. Yalijaa majumbani toka sakafuni hadi dirishani. Watu walilala ukumbini kwa sababu chumbani kalala Mtukufu.

Sheria iliacha upenyo mmoja tu. Kama ilivyo kwingineko, shule zilipofunguliwa kila mama alivalisha madaftari ya wanawe kwa karatasi, akakunja pembe vizuri, akabana kingo kwa ndani. Kwa kazi hiyo gazeti liliruhusiwa, tena lilisifiwa, kwa kuwa Mtukufu alipenda kukumbatiwa na watoto.

Bi Tausi alivuka barabara. Hakuwa amemwamkia Mama Chausiku kwa miaka, kwa ajili ya harufu ya samaki.

"Mama Chausiku, nyumbani kwako bado kuna magazeti?"

"Yako kwangu?" Mama Chausiku akacheka kicheko kibaya. "Bi Tausi, sisi ndio tuko kwa Mtukufu. Unayataka? Chukua yote, hata leo, hata na kitanda chini yake."

"Nataka pia mikono yako. Na ya mama wote unaowafahamu."

Walikuja Jumanne, wakaja Jumatano, na magazeti vichwani. Bi Tausi aliwaachia waingie bila kunawa. Wakakaa sakafuni kati ya rafu, wakakunja pembe, wakabana kingo, wakazungumza bei ya chumvi na waume waliokuwa vitani, wakacheka, na hakuna aliyetolewa nje. Bwana Elieza alikabidhi kila kitabu kwa mkono wake, lakini kwanza akakifungua na kusoma kidogo, hivyo akawa anachelewesha kazi. Alhamisi alfajiri kila kitabu ndani ya maktaba, hadi kamusi, hadi vile vya ufugaji wa nyuki, kilikuwa kimevaa uso wa Mtukufu.

*

Kapteni Ndimbo aliingia na mapipa yake, akasimama ghafla. Rafu zote zilikuwa zinamtazama. Alipiga saluti kwanza, kwa mazoea, halafu akapigwa na butwaa.

"Nani amefanya haya?"

"Mapenzi ya wananchi, afande," alisema Bi Tausi. "Haya, chomeni."

Hakuna askari aliyesogea. Mmoja aliyekuwa na kiberiti mkononi alikitia mfukoni taratibu, akaufunga mfuko kwa kifungo.

Kapteni alifikiri, na kufikiri kulimtoa jasho. "Basi vivuliwe majalada hayo."

"Tumvue nguo Mtukufu?" Bi Tausi aliuliza kwa sauti ya chini. "Hapa, mbele ya askari wanaume?"

Rangi ilimtoka Kapteni. Akaona kwamba amekwisha kulisema neno hilo, na kwamba masikio yaliyolisikia ni mengi. Ndipo alipoanza kupaaza sauti ili kujiokoa. Alisema amegundua hatari kubwa. Majalada yamekunjwa tu! Yanaweza kuteleza, na Mtukufu akabaki wazi hadharani! Akaamuru kila jalada ligandishwe kwa gundi hadi lisibanduke milele, na atakayekuta kona imeinuka amlete aliyeikunja.

Serikali haikutoa gundi. Gundi ya nchi ile ilikuwa uji mzito wa ngano, na ngano ilikuwa imeadimika hata watu walianza kuiota. Mama Chausiku alileta bakuli lake la mwisho. Akalimimina sufuriani, akakoroga, na mvuke wake ukajaza maktaba. Watoto walikuja mlangoni bila kuitwa. Mwanawe wa mwisho alijipenyeza, akachovya kidole kwenye gundi, akakilamba. Mama Chausiku alimpiga kofi la mkononi, halafu akageukia ukutani, mabega yakawa yanamtikisika. Bi Tausi aliona yote. Alimpokea mwiko, akaendelea kukoroga.

Vitabu vikasalimika. Wale kina mama walikula mboga bila kitu siku nyingi, na kila walipopita mbele ya maktaba walitazama ndani, kama mtu anavyomtazama mtoto aliyemlea mwenyewe.

*

Vita vilikwisha kwa ushindi wa pande zote mbili. Kesho yake Mtukufu alitoka kwa dirisha la nyuma la ikulu kwenda ziara ya kikazi, na hakurudi. Mkuu wa majeshi akatangaza redioni kwamba nchi imekombolewa, kwamba yeye ni Mkombozi, na kwamba tangu sasa raia wote wako huru na ole wake atakayekataa.

Amri ya kwanza ya uhuru ilikuwa kwamba chochote chenye uso wa yule dhalimu kichomwe moto.

Ndimbo alikuja tena. Sasa alikuwa Kanali. Alisimama pale pale na kukohoa kikohozi kile kile.

"Ndugu wananchi! Dhalimu alijificha hata ndani ya vitabu! Tazameni alivyozivamia rafu zetu bila haya. Je, tukubali atuangalie? Hatukubali!"

"Afande," Bwana Elieza akasema, "si wewe uliyeamuru tugandishe?"

"Yule alikuwa Kapteni Ndimbo," alijibu Kanali kwa upole. "Tunaendelea kumchunguza."

Moto huu ulitakiwa uwe wa hadhara, uwanjani, siku ya sherehe. Jukwaa lilikuwa bado kujengwa, na bendi ilikuwa inajifunza wimbo mpya wa taifa, ambao ulikuwa ule wa zamani ukipigwa haraka zaidi. Juma moja lilihitajika. Kanali alitaka nyuso zote zitazame juu wakati wa kuungua, ili picha zitoke vizuri.

Bi Tausi alijaribu kona ya jalada kwa ukucha. Haikusogea. Uji wa kina mama ulikuwa umeshika kuliko saruji, na kumbandua Mtukufu kulimaanisha kulibandua jalada la kitabu lenyewe pamoja naye. Alitazama rafu zake kwa muda mrefu. Halafu akamgeukia Kanali.

"Afande, niachie mimi. Nitaviandaa mwenyewe, kwa mikono yangu. Asiingie mtu yeyote humu. Naona haya kwa niliyoyafanya, nataka kujisafisha."

"Bi Tausi!" Bwana Elieza alisimama hadi kiti kikaanguka. "Unasema nini wewe?"

Alikuwa anamtazama kama mtu aliyezabwa kofi na dada yake. Bi Tausi alitamani kumkonyeza, kumkanyaga mguu, kumpa ishara yoyote. Lakini Kanali alikuwa hapo, na siku hizo kila nyumba kumi zilikuwa na mtu mmoja wa kusikiliza, na mtu anayejua jambo ni mtu anayeweza kuulizwa. Bwana Elieza hakujua kudanganya. Alishindwa hata kukidanganya kitabu.

"Toka nje, Bwana Elieza," akamwambia. "Maktaba imefungwa."

*

Juma zima alifanya kazi mchana, milango ikiwa imefungwa, kwa kisu cha jikoni. Alichukua kitabu, akakipasua mgongoni, akakitenga na jalada lake. Sauti ya uzi ukikatika ilimwingia mwilini. Mtu aliyewahi kumfokea mtoto kwa kukunja pembe ya ukurasa alikuwa sasa anachuna vitabu kama mbuzi wa karamu, na kwa kila kimoja alisema, "Nisamehe," kwa sauti, kwa sababu hapakuwa na mtu wa kumsikia. Alipomaliza, ndani ya kila jalada tupu alijaza magazeti yaliyobaki, akalifunga vizuri likanenepa. Kurasa za vitabu alizitia kwenye magunia, akayasukuma stoo, na kila gunia akaliandika kwa mkaa: MAJIVU, MALI YA SERIKALI.

Siku ya sherehe mji wote uliletwa uwanjani. Kanali alihutubia hadi jua likamchosha. Bi Tausi akapewa mwenge, maana aliyejitolea ndiye anayepewa heshima. Alipokuwa anasogelea rundo la majalada lililopangwa katikati ya uwanja, Mama Chausiku alijitokeza kwenye umati.

"Bi Tausi," akasema. Hakupiga kelele. "Unga wangu."

Bi Tausi aliusogeza mwenge, moto ukashika. Mama Chausiku akatema mate chini, mbele ya miguu yake, akaenda zake, na kina mama wengine wakamfuata. Bi Tausi alisimama akiwa amenyooka kama askari. Ndani yake alikuwa analia kama mtoto.

Upepo ulipuliza jalada moja likafumuka, karatasi iliyoungua nusu ikaruka ikatua begani kwa Kanali. Kanali aliichukua, akaitazama. Lilikuwa gazeti, na Mtukufu anatabasamu juu ya mvua.

"Mnaona!" Kanali alipiga ukelele akiinyanyua juu. "Hata ndani! Hata ndani vilikuwa vimejaa yeye mtupu!"

*

Bi Tausi alipewa nishani na cheo. Akawa Mkurugenzi wa Idara ya Majivu, yenye ofisi zake palepale maktabani, na kazi ya kuyalinda magunia yaliyoko stoo. Wageni wa serikali walipokuja walionyeshwa mlango wa stoo, wakavua kofia, wakaondoka. Watoto wa shule walifundishwa shairi juu yake. Barabarani watu wazima walimsalimia kwa kuinama, upesi, na kuvuka upande wa pili.

Alikuwa na chumba kimya kabisa. Hakuna aliyecheka humo, hakuna aliyepiga chafya. Mwanzoni alifikiri kinachomsumbua ni njaa, kwa hiyo akala. Halafu akafikiri ni uchovu, akalala. Siku moja alijikuta amekaa kwenye meza ya Bwana Elieza, na kurasa za kitabu kutoka kwenye gunia mbele yake, akaugonga ukurasa kwa kidole na kusema, "Mwongo huyu!" Alingoja. Hakuna aliyembishia. Ndipo alipoelewa kwamba vitabu vyake vimekufa stoo, vikiwa vizima vyote.

Alifunga kurasa zile ndani ya kanga, akaziweka kwapani, akaenda nyumbani kwa Bwana Elieza. Ilikuwa mchana wa Jumapili. Bwana Elieza alikuwa amekaa barazani, hana kazi mkononi. Alipomwona alisimama haraka, akavuta shati, akainama.

"Karibu, mheshimiwa. Karibu sana. Tumeheshimika."

"Niite Bi Tausi, Bwana Elieza."

"Ndiyo, mheshimiwa."

Alikaa. Aliangalia huku na huku; barabara ilikuwa tupu. Akafungua kanga, akamwekea kurasa magotini, bila jalada, bila jina la mtu.

"Sikuvichoma," akanong'ona. "Vipo vyote. Unanisikia? Vyote vipo. Hiki nimekuletea wewe. Nimekuja mwenyewe kukuletea."

Bwana Elieza hakugusa kitu. Mikono yake ilibaki hewani, juu ya karatasi, kama mtu aliyewekewa nyoka mapajani.

"Nakuelewa, mheshimiwa," akasema kwa sauti ya kusikika hadi kwa jirani. "Mheshimiwa hakuchoma vitabu. Mheshimiwa alichoma dhalimu. Alifanya vizuri sana, na sisi raia tunamshukuru."

"Elieza, wallahi si mtego. Mimi ni mimi. Nilikutoa nje kwa sababu..." Akamsogezea kurasa. "Hebu soma. Soma mstari mmoja tu, kisha unibishie."

Macho ya mzee yalishuka magotini. Yalianza juu ya ukurasa, yakaenda kutoka kushoto kwenda kulia, yakarudi, yakaenda tena, na kwa muda mfupi uso wake ulilegea na midomo ikataka kufunguka. Bi Tausi aliinama mbele akisubiri. Halafu Bwana Elieza alizikusanya zile kurasa, akazisawazisha kingo kwa uangalifu mkubwa, akamrudishia kwa mikono miwili.

"Unisamehe, mheshimiwa," akasema. "Mimi sijui kusoma."